Usimshikie Lango

Jambo la kwanza kuharibika katika nyumba ya Rowena Alderson lilikuwa hili: mumewe alimshikia mlango.

Msicheke. Mwanamke huyu alikuwa ameishi na Garth Alderson miaka na miaka, na miaka yote hiyo milango ilikuwa ikimbamiza usoni. Mlango wa jikoni, mlango wa buchani, hata mlango wa kanisa siku ya harusi yao. Rowena na shela lake kichwani, Garth akatangulia kutoka na kuuachia, puu! Garth alizaliwa Skelbeck, bonde la juu kabisa huko kaskazini, na watu wa Skelbeck wanajulikana jimbo zima: kondoo wazuri, jibini nzuri, adabu hakuna. Hawamshikii mtu mlango, hawamshikii mtu lango la shamba, hata awe mjamzito, hata awe amebeba jeneza. Rowena yeye alikuwa wa kusini, wa zile familia ambazo ukikanyagwa mguu, wewe uliyekanyagwa ndiye unayeomba radhi. Alimfundisha mumewe. Alimbembeleza. Alimnunia. Wapi!

"Garth, ni neno moja tu. Tafadhali. Halikuui."

"Litaniua," Garth humjibu huku anatafuna. "Siku utakayonisikia nasema tafadhali, ujue niko kufani. Siku hiyo acha vyombo, uje mbio."

Nao hucheka, maana walipendana. Hilo nalisema mapema, asije mtu baadaye akadai hakuambiwa. Rowena alimpenda huyo mtu wa shingo nene na mdomo mchafu kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote mstaarabu.

Kwa hiyo jioni ile ya Jumatatu, alipofika nyumbani na mifuko ya sokoni, Garth akaufungua mlango wote, akasimama pembeni mgongo umenyooka, akasema, "Tangulia, mpenzi," Rowena alitua mifuko akacheka hadi machozi. Alidhani ni mzaha. Akapita. Alipompita karibu, akasikia harufu ya sufu iliyolowa na udongo uliotoka kufukuliwa. Akajisemea moyoni, mwanamume huyu hajaoga tangu jana kwenye baiskeli.

Jana yake walikuwa watatu mlimani: Rowena, Garth, na Jocelyn, shoga yake Rowena tangu utotoni, mwanamke mwembamba mwenye miguu ya sungura na ulimi wa wembe. Kila Jumapili watatu hawa huchukua baiskeli zao za matairi mapana, zile za kupandia milima, wakapita kwenye matope na mavi ya kondoo hadi wasitambulikane. Jocelyn ndiye aliyechagua Njia ya Majeneza.

Zamani Skelbeck hakukuwa na makaburi. Aliyekufa alibebwa mabegani kuvuka mlima mzima hadi kanisa la Kirkholme upande wa pili, na mawe mapana waliyopumzishia majeneza yapo njiani hadi leo, yameota kuvu. Garth alikulia chini ya mlima ule, lakini hakuwahi kuipita njia hiyo kwa baiskeli.

"Njia ziko mia," alisema. "Kwa nini hiyo?"

"Makubwa! Dume zima linaogopa mifupa," Jocelyn alimcheka. "Tukuletee mkokoteni tukusukume?"

"Wewe nani akuogope na hivyo viguu vya kuku? Twendeni. Lakini nawaambia jambo moja. Tukirudi, pale Lango la Juu, kila mtu apite zake na aachie. Hakuna kushikiana. Mmenisikia?"

Wanawake wawili walitazamana wakaangua kicheko. Hiyo ndiyo adabu ya Skelbeck, wakasema.

Walikwenda hadi Kirkholme, wakala mikate yao ya jibini juu ya ukuta wa makaburi, wakageuza. Lango la Juu liko kileleni kabisa, kati ya kuta mbili za mawe; ni zito, limefungwa jiwe kwenye mnyororo, ukiliachia linajifunga lenyewe. Jocelyn alipita akateremka na ukungu kama mshale. Rowena akafuata, anasukuma baiskeli. Alijua Garth yuko nyuma, maana alikuwa akimsikia anahema tangu mwanzo wa mlima. Basi mkono wake ukabaki langoni, kama ulivyobaki kwenye kila mlango tangu akiwa mtoto wa kufundishwa, huku kwa mkono wa pili anajifuta tope machoni. Akasikia gurudumu linakuja polepole nyuma yake, tiki, tiki, tiki, hadi usawa wa bega.

"Pita, mpenzi," alisema. "Tangulia."

Baridi ikampita shavuni.

"Ahsante," sauti ikasema, ya chini, ya upole, karibu na sikio.

Rowena alifurahi! Ahsante ya kwanza ya ndoa yake! Alifungua macho ampigie kelele Jocelyn aje awe shahidi, na mbele yake hakukuwa na mtu. Njia tupu, ukungu, kondoo mmoja. Kisha nyuma ya ukuta, upande ule aliotoka, Garth akachomoza anafunga mkanda wa suruali.

"Unaongea na nani?"

"Si wewe?"

"Mimi nilikuwa nakojoa." Akautazama mkono wake pale langoni, na uso mwekundu wa Garth ukapauka. "Ro. Umeshika lango. Umesema neno lolote?"

Rowena aliona ugomvi unakuja, wa adabu, uleule wa kila siku, na alikuwa amechoka, na miguu imelowa. "Sijasema kitu," akasema. "Pita basi, baridi."

Uongo mdogo kama punje ya mtama. Garth alipita, akaliachia lango likabamiza. Lakini katika mteremko ule, ambapo siku zote yeye huwapita kama jiwe lililoviringika, leo alibaki nyuma, anakanyaga pedeli kwenye mteremko, jasho linamtoka. "Baiskeli nzito leo," alisema walipofika chini. "Utadhani nimempakia mtu."

Rowena akatazama alama ya tairi lake la nyuma kwenye tope. Ilizama mara mbili ya zao.

Siku za mwanzo Rowena alifurahi, na hapa ndipo mimi ninapomkasirikia. Garth alimvutia kiti. Garth alisema samahani akikohoa. Jocelyn alipokuja kunywa chai, Garth alimpokea koti, akamwuliza hali ya mama yake, na alipoondoka akamfungulia mlango akasimama ameushika hadi gari lilipopotea.

"Umempa nini huyu?" Jocelyn alikuwa amemnong'oneza shoga yake kizingitini. "Nitajie dawa nami nimwekee wangu."

"Maombi tu."

"Maombi gani? Wewe na kanisa mnajuana?"

Wakacheka. Lakini usiku Rowena alipokuwa akipanda ngazi, aligundua kwamba Garth hapandi naye. Husubiri chini, mkono kwenye nguzo ya ngazi, anatabasamu, mpaka yeye afike juu. Ndipo huja. Na akija, nyayo zake ni jozi mbili: moja ya soksi za Garth, ambazo Rowena anazijua, na nyingine nyuma yake kidogo, ya kitu kilicholowa, kwachu, kwachu, kinachokanyaga kila ngazi baada ya Garth kuitoka.

Baiskeli zao hutundikwa kwenye ukumbi, kando ya mlango wa mbele. Usiku wa Jumatano Rowena alisikia tiki, tiki, tiki kutoka chini. Akashuka akiwa peku, akakuta gurudumu la nyuma la baiskeli ya Garth linazunguka peke yake ukutani, polepole, bila kuongeza wala kupunguza mwendo. Akalishika likasimama. Lilikuwa la baridi hadi mfupani, na tope lililokuwa kwenye meno ya tairi lilikuwa bichi, ingawa yeye mwenyewe aliiosha baiskeli ile Jumapili kwa mpira na brashi. Akapanda juu, na kabla hajafika kitandani likaanza tena. Akajifunika shuka hadi kichwani, na harufu ya sufu ikaja ikakaa naye ndani ya shuka.

Walikuwa na mbwa, Tansy, jike la kuchungia kondoo, mzee, ambaye Garth alimlea kwa chupa ya maziwa. Tangu Jumapili Tansy hakuingia ndani. Alilala bandani, chakula hakigusi. Ijumaa jioni mvua ilinyesha ya theluji, na Garth akaenda mlango wa nyuma, akaufungua, akausimamia.

"Tangulia, Tansy," alisema. "Tafadhali."

Rowena alikuwa kwenye sinki. Sahani ikamponyoka. Neno lile alilolililia maisha yake yote lilimwingia mgongoni kama maji ya barafu, kwa sababu sasa alijua, alijua kabisa, kwamba anayelisema si Garth.

"Tafadhali, Tansy. Tafadhali."

Alisema hivyo mpaka chai ikapoa mezani na baridi ikajaa nyumba nzima, hakuinua sauti, hakubadili tabasamu, na mwishowe yule mbwa mzee, aliyefunzwa kutii sauti ile na hakujua namna nyingine ya kuishi, akaja akijiburuta tumbo kwenye matope, analia kidogokidogo, hadi kichwa na mabega vikavuka kizingiti. Ndipo Garth akauachia mlango. Akaufungua. Akauachia tena.

"Samahani," alisema kila mlango ulipotua. "Samahani sana. Samahani."

Rowena alimrukia akamvuta mkono, lakini ilikuwa sawa na kuvuta ukuta. Hata alipoacha, mbwa hakuwa mbwa tena. Garth akachukua kitambaa akafuta kizingiti vizuri, akamshikia mkewe mlango wa jikoni ili apite akaoshe mikono.

Jumamosi Rowena alimwita kasisi. Alikuja mama mmoja mwenye kola ya kikasisi na buti za mpira, mwenye makanisa sita na gari bovu, akaomba, akanyunyiza maji ya chupa kila chumba. Garth alimfuata nyuma nyumba nzima, akisema "Amina" kwa upole, akamshika kiwiko kwenye ngazi. Akamshukuru. Akamfunga mpaka mkanda wa gari.

"Sijui umeniitia nini, mwanangu," kasisi alimwambia Rowena dirishani. "Waume kama huyu siku hizi hawapo. Umshukuru Mungu."

Alfajiri ya Jumapili, kabla hakujapambazuka sawasawa, mkono ulimshika Rowena kifundo cha mkono kwa nguvu ya kuumiza. Garth alikuwa amelala chali, macho wazi, midomo imekauka. Alikuwa amekonda hadi fuvu linaonekana.

"Ro. Amka. Haraka, amesinzia."

"Garth? Ni wewe?"

"Nani mwingine, mpumbavu wee? Usinikodolee macho kama kondoo aliyeona radi. Sikiliza." Na Rowena akaanza kulia kwa furaha, anatukanwa na kulia, anaubusu ule mkono. "Yuko nyuma yangu. Nikigeuka anageuka. Ananitazama ninavyokula, ninavyokohoa. Ananisikiliza ninavyokuita. Anajifunza."

"Anajifunza nini?"

"Mimi," Garth alisema. "Nipeleke kwa shangazi. Ro, naogopa, mke wangu. Sijawahi kuo..." Kisha uso ukalainika, mgongo ukanyooka kitandani, na sauti ya upole ikamwuliza kama angependa kikombe cha chai.

Shangazi Hilda anaishi nyumba ya mwisho ya Skelbeck, mahali lami inapoishia. Ni mwanamke mfupi mpana, anafuga kondoo na kunuka kama wao. Alifungua mlango, akamwona Rowena, akamwona Garth aliyebaki garini, ameketi wima, mikono magotini, anawatabasamia. Akamvuta Rowena hadi jikoni na kuuachia mlango nyuma yao ukabamiza hadi vikombe vikalia.

"Nani kamshikia lango?"

"Mimi, shangazi."

"Watu wa kusini!" Alitema mate kwenye moto. "Mtatuua kwa adabu zenu. Ulimwambia apite?"

"Nilidhani ni Garth."

"Garth kakuuliza?"

Rowena aliinamisha kichwa. "Nilimdanganya."

"Ungemwambia palepale, angemrudisha na kumbamizia lango usoni kabla hajapata mgongo wa kukalia. Babu zetu walikuwa wakirudi kuzika, kuna kitu kinawafuata kutoka Kirkholme. Tunamwita wa Nyuma. Hana nguvu ya kufungua hata mlango wa kuku. Ila ana adabu, mwanangu, adabu kukuzidi wewe. Anasubiri akaribishwe. Unadhani kwa nini sisi tuko hivi? Unadhani mama yangu hakuwa na moyo? Mimi nimezaa watoto wanne na hakuna hata mmoja niliyemshikia mlango."

"Nifanye nini? Nifanye chochote. Niambie tu."

"Alikuja kwa magurudumu, atarudi kwa magurudumu. Mpandishe Garth leo, kabla giza. Vukeni lango, mfike jiwe la kwanza la jeneza, mgeuze. Wewe tangulia kurudi, upite, usimame upande wetu, na lango usiliguse. Kwa anayerudi kutoka Kirkholme, lango lile halipitiki wawili kwa mpigo, kwa hiyo pale itabidi ateremke mgongoni. Utawasikia wawili. Wote watakuwa Garth." Alimshika kidevu. "Wetu atalisukuma mwenyewe kama nguruwe, wala hatakwambia neno zuri. Akishapita tu, tia komeo. Yule mwingine atabaki nje anakuomba. Atakuomba kwa sauti ya mumeo, atakulilia, atasema tafadhali. Usimwonee haya. Ukifungua, umempoteza."

"Na nikikosea?"

"Utakoseaje? Umelala na mjinga yule miaka yote. Humjui?"

Walipogeuka, mlango wa jikoni, ule aliouachia shangazi kwa kishindo, ulikuwa wazi kabisa. Haukuwa ukitikisika. Ulikuwa wazi kama mlango ulioshikiliwa. Shangazi Hilda alisema ni upepo, akaenda kutafuta koti lake akalishe kondoo, na Rowena, kwa vile alitaka sana kuamini, akaamini.

Walipitia nyumbani kuchukua baiskeli, wakapanda mchana, ukungu umeshuka hadi kwenye kuta. Rowena mbele, Garth nyuma. Hakugeuka. Alisikia pumzi ya Garth inakatikakatika, alisikia pedeli zake zikilia, na katika kila kona alikuwa akisema moyoni, kidogo tu mume wangu, kidogo tu, huku mvua ya theluji ikimchoma mashavu. Walivuka lango. Walifika jiwe la kwanza, jeusi, limelowa. Akageuza baiskeli bila kuinua macho, akampita mumewe bega kwa bega, akaona mikono yake tu kwenye usukani, ya bluu kwa baridi.

Kurudi langoni ni hatua chache. Katika hatua hizo chache tiki-tiki iliyokuwa nyuma yake ikawa mbili, kwanza zikienda pamoja, halafu moja ikichelewa, halafu zikipishana kama watu wawili wanaogombea njia nyembamba, na kukawa na kishindo cha mwili kuanguka kwenye mawe, na mlio wa mtu aliyepigwa tumboni, na harufu ya sufu na udongo ikaja juu ya ukungu, nzito kiasi kwamba alipolisukuma lango na kupita na kuliachia likajifunga nyuma yake, alitapika ukutani, akajifuta kwa glovu, akasimama pale mkono juu ya komeo na meno yakigongana, akimwomba Mungu ambaye hakumzoea amrudishie tu yule mtu asiye na adabu, amrudishie hivyo hivyo alivyo, hatamfundisha tena kitu.

Lango likasukumwa kwa teke.

"Toka njiani, mwanamke!" Garth alipita na baiskeli yake, akamgonga kwa bega hadi karibu aanguke. "Umesimama hapo kama kiroba cha viazi. Funga hilo lango, baridi inaniingia hadi makalioni!"

Rowena alilia kwa sauti. Akatia komeo, chuma kikaingia ndani ya chuma.

"Ro?"

Ilitoka upande wa pili, chini kabisa, karibu na ardhi.

"Ro, umenifungia nje."

"Usimjibu," alisema Garth nyuma yake, akitema mate. "Sikia linavyojifanya."

"Ro, nimeanguka. Kifua changu, Ro. Siwezi kusimama." Kucha zikakwaruza mbao. "Fungua, wewe... Ro, mbona hufungui?" Kikohozi. Kisha sauti ile ikashuka, ikawa ndogo, ikawa sauti ya mtu anayetoa kitu chake cha mwisho mfukoni. "Ni kwa sababu ya lile neno? Basi nitalisema. Tafadhali. Umesikia? Nimelisema, mke wangu. Tafadhali, Ro. Tafadhali."

Shangazi alisema atasema hivyo. Shangazi alisema asimwonee haya. Rowena aliziba masikio kwa glovu zilizolowa, akapanda baiskeli, akateremka mlima, na mumewe akampita kwenye kona ya kwanza kama jiwe lililoviringika, anapiga kelele za furaha, anamtupia tope usoni.

Hakuna mwanamke aliyewahi kufurahia matusi kama Rowena alivyoyafurahia njiani kurudi. Nyumbani Garth aliingia na buti zake hadi jikoni. Akaachia mlango ukambamiza Rowena begani. Akala soseji nne kwa mkono, akacheua, akauliza kama hiyo chai inachemshwa na jua. Rowena alikuwa akicheka peke yake pale jikoni, anashika mgongo wake kila akipita, ule mgongo mpana, akiwaza kwamba kesho watamzika Tansy vizuri chini ya mti wa tufaha, na kwamba Jocelyn atalia akisikia.

Simu ikaita. Rowena akaipokea akiwa na birika mkononi.

"Shangazi! Tumefaulu. Nilikuwa nataka kukupigia sasa hivi."

Shangazi Hilda alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima.

"Nimepanda kuwatazama kondoo," alisema. "Nimemkuta Garth langoni, Ro. Upande wa pili. Amekufa. Kucha zake hazipo, zimebaki kwenye mbao." Sauti ilivunjika, hii sauti ya mwanamke asiyelia. "Ana kovu lake la mundu mguuni, la jeraha nililomshona mwenyewe. Ni wetu huyu, Ro. Ni mwanetu. Wewe umeshuka na nani?"

Siku utakayonisikia nasema tafadhali, ujue niko kufani. Acha vyombo, uje mbio.

Birika lilimwaga maji sakafuni na Rowena hakuhisi yakimchoma mguu. Nyuma yake jikoni kulikuwa kimya. Hakuna anayetafuna, hakuna anayecheua. Harufu ya sufu iliyolowa ikampitia begani, taratibu, kama mtu anayeomba njia. Kule ukumbini gurudumu likaanza, tiki, tiki, tiki.

Aligeuka. Mlango wa ukumbini, wa kwenda juu, ulikuwa wazi. Garth alikuwa pembeni yake, mgongo umenyooka, mkono mmoja kwenye kitasa na mwingine umekunjuliwa kuelekea ngazi zenye giza. Alikuwa anatabasamu. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Tangulia, mpenzi," alisema.

Miguu ya Rowena ilikwenda. Na alipokuwa akimpita pale mlangoni, kinywa chake, kilichofundishwa vizuri tangu utotoni, kikafunguka chenyewe kikasema, "Ahsante."